Sura ya Tano: Maji Mafu

Kila aliyefiwa, aliyeachika au aliyeachishwa kazi hupewa mti. Mmoja atamwambia awe mbuyu, asitikisike. Mwingine atamwambia awe mwanzi, ainame upepo upite. Wa tatu atamtumia kwa simu picha ya ua lililochomoza kwenye ufa wa saruji. Mwenye msiba hushukuru, maana ndiyo adabu, kisha hurudi chumbani akajilaza, na lile lililomlaza jana lipo pale pale. Siwalaumu watoa nasaha. Nawadai jambo moja tu: wangeutazama huo mti kwanza.

Mbuyu wa kweli si ule wa kwenye nasaha. Mti wake ni mwororo, umejaa maji na nyuzi, seremala hana haja nao. Shina hunenepa wakati wa mvua na kunywea wakati wa kiangazi. Ukame ukianza hupukutisha majani yote, ukakaa mtupu miezi mingi, ukijilisha kidogo kidogo kwa ule utando wa kijani ulio chini ya gome. Ukichunwa gome kwa ajili ya kamba, jeraha ambalo lingeiua miti mingi, huotesha gome jingine na kuendelea. Ukizeeka huwa na pango tumboni. Kwa hiyo mti tunaousifu kwa kutobadilika hushinda mwaka mzima ukibadilika, tena ni mwepesi wa kuacha kuliko miti mingi ya jirani. Wala haukuahidiwa umilele. Mwaka 2018 watafiti walitoa taarifa kwamba mingi kati ya mibuyu mikongwe na mikubwa kuliko yote ya kusini mwa Afrika, mingine ikiwa imeishi zaidi ya miaka 1,000, ilikuwa imekufa au imeangukiwa na sehemu zake za kale zaidi katika muda usiofika miaka 15.

Basi sura hii ni ya kutazama. Sitaki kusema kwamba maumbile ni mwalimu mwema anayetungoja na chaki mkononi. Maumbile hayatungoji. Lakini viumbe vinavyoishi mahali pabadilikapo sana vimelazimika kutafuta njia, na njia hizo zinaonekana, zinapimika, zina gharama zake. Mtu akijua gharama, huacha kujilaumu kwa kushindwa kuwa mbuyu ambao haupo.

Tumchukue kamongo. Wanaoishi kandokando ya Ziwa Victoria wanamjua: samaki mrefu, mnene, mwenye mapezi membamba yanayoning'inia na meno ya kuogopwa. Ana mapafu. Asipopanda juu kuvuta hewa atakufa maji, na fikiria samaki kufa maji! Vinamasi vinapokauka kamongo hujichimbia topeni, akajikunja, akaacha tundu la kuvutia hewa, akangoja. Mmarekani mmoja, Homer Smith, bingwa wa mambo ya figo, alimfuata samaki huyu hadi katika ziwa hili, na mwaka 1932 akatoa kitabu alichokipa jina hilo hilo, Kamongo. Swali lake lilikuwa la mtu wa figo: mnyama asiyekunywa wala kukojoa miezi na miezi, taka za mwili wake zinakwenda wapi?

Jibu halipendezi sana. Kamongo akiwa majini hutoa taka zake kama amonia, ambayo maji huichukua mara moja. Topeni hakuna wa kuichukua, na amonia ikibaki mwilini inaua. Basi mwili hubadili kazi: huigeuza kuwa yurea, isiyo kali kiasi hicho, ukaihifadhi. Figo hunyamaza. Moyo hupunguza mapigo. Chakula kinatoka wapi? Anakula misuli yake mwenyewe. Mvua zinaponyesha na tope kulainika, hutoka mwembamba, dhaifu, mwenye shehena ya taka ambayo itabidi aitoe kwanza kabla ya mambo mengine.

Tunapomsifu mtu kwamba amevumilia, tunachoona ni tope limepasuka na samaki katoka. Hatuulizi humo ndani alikuwa anakula nini. Mjane aliyelea watoto wanne kwa kuuza vitumbua, nao wote wakasoma, tunamweka mbele kwenye harusi na kumtungia sifa. Alikula usingizi wake. Alikula magoti yake, meno yake, ile sauti aliyokuwa nayo ya kuimba. Na nimewaona watu wasiolala kitandani wakati wa shida, wakabeba kila kitu, halafu mambo yalipotulia ndipo wakaugua, na ndugu wakashangaa: sasa hivi, wakati kuna nafuu? Kwa kamongo hakuna cha kushangaza. Taka hutolewa maji yakirudi. Kabla ya hapo hapakuwa na nafasi.

Nilipoanza kufikiri juu ya mabadiliko ya maisha kwa njia hii, nilidhani bahari itakuwa mfano mwepesi. Maji hutoka, maji hurudi, basi na wewe ngoja. Kila mtu wa pwani ameshaambiwa hivyo. Lakini anayeishi kwa bahari hana habari na mfano huo, kwa sababu kwake bahari haina mwendo mmoja wa kutoka na kurudi. Ina miendo miwili, mmoja ndani ya mwingine.

Wa kwanza ni wa kila siku. Maji hujaa na kupwa mara mbili, kutoka kujaa hadi kujaa ni saa 12 na dakika 25 hivi, ndiyo maana kila siku huchelewa karibu dakika 50 kuliko jana. Wa pili hufuata mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua: maji hujaa hadi kwenye mizizi ya minazi, kisha hupwa mbali kabisa, wanawake wakatembea hadi kwenye miamba kutafuta pweza. Kule Unguja na Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua hukaribia mita 4. Lakini kati ya bamvua na bamvua, mwezi unapokuwa nusu, huja maji mafu. Maji hayajai sana, hayapwi sana. Yanasogea kidogo, yanarudi kidogo. Miamba ya mbali haionekani. Anayetaka kwenda pwani kuokota chochote atarudi na kapu tupu.

Hizo ndizo siku ninazotaka kuzizungumzia, kwa sababu ndizo zisizo na mtungaji. Waliotunga juu ya dhoruba ni wengi, na waliotunga juu ya maji kurudi ni wengi zaidi. Ila mtu aliyefiwa atakwambia kwamba siku mbaya si zile za mwanzo, ambapo turubai limefungwa, sufuria zinachemka na nyumba imejaa. Wala si zile za mbali, miaka ikishapita. Ni ile miezi ya katikati. Hakuna kinachotokea. Hulii sana, hucheki sana. Watu wamekwisha ondoka na wanadhani umeshapoa, nawe hujui useme nini kwa sababu hata kuumia hakuumi kama kulivyouma.

Baba yangu mdogo alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Alipostaafu alifanyiwa sherehe, akapewa godoro na feni, na mwezi wa kwanza ulikuwa wa furaha tupu. Baadaye tukawa tunamkuta saa 12 asubuhi amevaa suruali ya kupigwa pasi, shati ndani, amekaa barazani. "Ba' mdogo, unasafiri?" "Hapana." Hakuwa mgonjwa. Hakuwa na deni. Mtu yeyote angesema hana tatizo. Alikaa hivyo muda mrefu, na sisi, kwa mapenzi yetu, tukawa tunambebesha shughuli: afuge kuku, agombee uenyekiti wa mtaa, aende kwa dada yake Tanga. Alikataa kwa upole. Siku moja alianza kupanga upya madaftari yake ya zamani, bila kuambiwa, kisha akatengeneza kitasa kilichokuwa kimeharibika tangu zamani. Kazi ndogo ndogo, zisizo na sherehe.

Namlinganisha na wakulima wa mwani wa mashariki ya Unguja, nao ndio wanaonivutia kuliko mtu yeyote katika habari hii. Kilimo cha mwani kwa biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, huko Paje na vijiji vya jirani, kwa mbegu zilizoletwa kutoka Ufilipino. Wanaume wengi walikicheka, kazi ya kuinama majini kwa malipo madogo. Wanawake wakakichukua, na katika miaka michache fedha ya mwani ikawa inanunua sare za shule, vitanda na mabati. Kazi yenyewe: vigingi vimepigwa mchangani, kamba imevutwa kati yake, vipande vya mwani vimefungwa kwa vikamba vidogo kimoja kimoja. Baada ya wiki 6 hivi vimekua vya kuvunwa, vinaanikwa, vinauzwa, vinasafirishwa nje kutolewa karagini, ule ute unaozuia dawa ya meno na aiskrimu zisijitenge.

Shamba hili hufikika kwa miguu wakati wa bamvua tu. Siku za bamvua mwanamke huamka na maji, si na jua. Kama yanapwa saa 4 asubuhi atatoka saa 3 na nusu, kesho yake atachelewa kidogo, hivyo hivyo mpaka kazi inapokatika. Maji mafu yakija shamba limezama na halifikiki. Kamba zipo huko chini, mwani unakua au haukui, na hana la kufanya. Hakuna anayekwenda ufukweni kuigombeza bahari. Wala hakai tu. Hufungua kamba za zamani zilizokakamaa, huzisafisha, huandaa vikamba, hugeuza mwani uliopo kwenye chanja, husuka ukili, hulima muhogo wake, huenda kumwangalia mgonjwa. Kazi za maji mafu hazileti fedha siku hiyo. Ila bamvua likirudi na kamba haziko tayari, siku za maji makavu ni chache na hazimngoji mtu.

Huku ndiko kukubali ninakokuelewa. Mtu anayetengeneza kamba hajakata tamaa, na pia hajifanyi kwamba maji yamepwa. Anajua leo si siku ya shamba. Amekubali siku, hajakubali kushindwa.

Mila zetu zililijua hili kabla ya vitabu vya saikolojia. Eda ya mjane wa Kiislamu ni miezi 4 na siku 10, na aliye mjamzito hukaa mpaka ajifungue. Ni miezi ya mwandamo, inahesabiwa kwa mwezi ule ule unaoivuta bahari, na katika muda huo bahari hupitia bamvua nane au tisa. Mwanamke hatarajiwi kuonyesha kitu. Hatakiwi kupambika wala kuchangamka. Sisemi kwamba eda imetendewa haki kila mahali. Yapo mashemeji wanaoitumia miezi hiyo kuhesabu mabati na kuhamisha hati, na mjane akitoka anakuta hata kitanda si chake. Ila kiini chake ni busara: jamii inatenga muda ambao mtu hadaiwi maendeleo. Ofisi zetu zinatenga kiasi gani? Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania, ilivyotungwa mwaka 2004, ilimpa mfanyakazi aliyefiwa na mzazi, mwenza au mtoto angalau siku 4 za likizo yenye malipo. Siku 4 zinaweza kwisha mtu akiwa njiani kwenda na kurudi mazikoni Kigoma.

Msomaji wa Dodoma au wa Goma ataniambia hana bahari. Hana haja nayo. Ana mwembe uani, au kwa jirani. Autazame mwaka mzima, bila kuutafutia somo. Ataona kwamba haukui mfululizo. Huchipua kwa mikupuo, majani machanga yakining'inia laini, mekundu, kisha hunyamaza wiki nyingi kama uliosahau kazi. Tawi la upande mmoja laweza kuchanua wakati la upande wa pili limelala. Na miembe mingi ya kienyeji ikizaa sana mwaka huu, mwakani hutoa maembe ya kuhesabika, kwa sababu akiba iliyokuwa mwilini imekwenda kwenye matunda. Mwenye mwembe halii. Anajua ulifanya nini mwaka jana. Lakini mtu huyo huyo binti yake akimaliza mitihani mikubwa kisha akalala wiki nzima, atamwita mvivu.

Nimezungumzia mpaka hapa yale yanayorudi. Ningeishia hapa ningekuwa nimekudanganya, maana mambo mazito ya maisha hayarudi.

Mvua za kwanza zikinyesha kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu, huruka kuzunguka taa, na asubuhi tunafagia mabawa mlangoni. Tunasema yamedondoka. Kwa hakika wameyakata wenyewe. Bawa la kumbikumbi lina mahali pa kuvunjikia karibu na mwili, na akishatua na kupata mwenzi hulikwanyua na kuingia ardhini kuanzisha kichuguu. Hataruka tena maisha yake yote. Wengi wao huishia kwa kuku na kwenye kikaango, lakini jike anayefanikiwa huwa malkia, mwili wake ukavimba hata asiweze kutembea. Kuruka kulikuwa kwa usiku mmoja. Kumbikumbi aliyebaki na mabawa hajahifadhi kitu, hapenyi tunduni. Naliona jambo hili kwa wazazi wapya, kwa wanaohamia nchi nyingine, kwa wachezaji mpira waliofika miaka 35. Kuna maisha ambayo mlango wake ni mdogo kuliko mabawa tuliyokuja nayo.

Mikoko nayo ina habari ya kusimulia. Kwa mbali huonekana msitu mmoja wa kijani juu ya tope. Ukiingia, wenyeji watakutajia miti tofauti: mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi, na kila mmoja na mahali pake kadiri maji yanavyofika. Wote wana adui mmoja, chumvi, na hawapambani naye kwa namna moja. Mkoko huizuia mlangoni: mizizi yake huchuja maji, ikaiacha sehemu kubwa ya chumvi nje. Mchu huiruhusu iingie, ipande hadi kwenye majani, kisha huitoa kwa vinyweleo maalumu; lamba jani la mchu wakati wa kiangazi, utaonja. Nina ndugu wa aina zote mbili. Yupo asiyetaka hata kusikia habari za mahakama, hasomi magazeti, hapokei simu za shemeji, na anaishi vizuri. Yupo anayeyasikia yote, analia, anasema, anaandika, na baada ya hapo yu mwepesi. Makosa ni kumlazimisha mmoja aishi kwa mizizi ya mwenzake.

Tofauti yao ya pili ni kali zaidi. Ukate mchu, kisiki kitachipua. Ukate mkoko uliokomaa chini ya matawi, basi. Hauna macho yaliyolala shinani ya kutoa chipukizi, na kisiki kitaoza hapo. Mkoko hautegemei kisiki. Unategemea watoto. Mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, ikarefuka kuwa mche mwembamba wa kijani, kisha hudondoka ukiwa tayari una ncha ya kuchomekea topeni, au huelea ukachukuliwa na maji siku nyingi hadi pwani nyingine. Kwa hiyo palipokatwa mchu mtarajie mchu ule ule. Palipokatwa mkoko, kama patapona, patapona kwa mwingine.

Kuna mahali pasipopona penyewe. Kule Gazi, kusini ya Mombasa, miaka ya 1970 mikoko ilifyekwa kuwa kuni za viwanda vya chokaa na matofali. Baadhi ya sehemu zilibaki tupu miaka mingi. Miti mama haikuwepo ya kudondosha miche, jua lilikausha udongo, chumvi ikazidi, mawimbi yakapata njia. Mtu aliyesimama pale akisema maumbile yatajiponya angengoja mpaka azeeke. Kilichofanyika ni kwamba kuanzia miaka ya 1990 watafiti na wanakijiji walipanda kwa mikono, mche mmoja mmoja, na leo kuna msitu, tena tangu 2013 kijiji kinauza hewa ukaa ya msitu wake kupitia mradi wa Mikoko Pamoja na fedha zinaingia kwenye maji na shule.

Na kwenye hori ya Mwache, upande wa magharibi wa Mombasa, hakukuwa na shoka. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilimwaga udongo kutoka bara ukaifunika ile mizizi ya kupumulia inayochomoza topeni mithili ya kalamu za risasi. Mizizi ikakosa hewa. Miti iliyostahimili chumvi maisha yake yote ikafa imesimama, kwa kuzidiwa na kitu kingine kabisa.

Nimeyaweka haya mawili pamoja makusudi, kwa sababu tunapenda kutumia neno moja la kufariji kwa misiba isiyofanana. Mafuriko ya Mwache yalikuja na mvua. Shoka la Gazi lilikuwa na mwenyewe. Mtu aliyefiwa na mama aliyezeeka anahitaji muda. Mtu aliyeachishwa kazi kwa hila anahitaji muda na mwanasheria. Kumwambia huyu wa pili atazame mawimbi na akubali ni kumsaidia mwenye shoka, na nimeona viongozi wa dini, waajiri na hata akina mama wakwe wakilitumia neno subira hivyo. Subira ya mkulima wa mwani haiko hivyo. Anasubiri maji kwa sababu maji yana mwezi wake. Mnunuzi akimpunja kwenye mizani, hasubiri bamvua lijalo kusema.

Nao wakulima hao sasa wamekutwa na lisilo la majira. Mwani walioupenda zaidi ni kotonii, kwa kuwa bei yake ni nzuri kuliko ya aina nyingine, spinosamu. Lakini kotonii haivumilii joto. Maji ya kina kifupi yamezidi kupata moto, mwani ukawa unageuka mweupe na kukatika vipande vipande, na sehemu nyingi za Zanzibar kotonii imekufa mashambani mara kwa mara hata watu wakaiacha. Hili halifuati mwezi. Hakuna robo wala mwandamo utakaolirudisha joto la mwaka 1989. Dkt. Flower Msuya, aliyetafiti mwani miaka mingi katika Taasisi ya Sayansi za Bahari iliyopo Zanzibar, ni mmoja wa waliojaribu na wakulima njia nyingine: kuutia mwani ndani ya nyavu ndefu za mviringo zinazoelea kwenye maji ya kina, yaliyo baridi kidogo. Inawezekana. Ila maji ya kina yanataka chombo, na yanataka mtu anayejua kuogelea, na wanawake wengi wa vijiji hivi walilelewa wasiogelee. Ushujaa wa moyoni haupungukiwi na kitu hapo. Kinachopungua ni boti.

Wapo waliojifunza kuogelea ukubwani. Wapo waliogeukia sabuni, wakisaga mwani na kuuchanganya na mafuta ya nazi na karafuu, na sabuni ikauzwa ghali kuliko magunia waliyokuwa wakiyabeba. Jambiani wapo waliohama kabisa kwenye mwani, wanakuza spongi za kuogea kwenye kamba zile zile walizozizoea. Wapo walioacha bahari wakafungua genge. Na wengi zaidi wamebaki kwenye maji ya kina kifupi na spinosamu, inayostahimili joto kidogo zaidi. Mwanamke aliyeng'oa kotonii yake akapanda spinosamu anajua vizuri kwamba kilo ya hii hailipi kama kilo ya ile. Anaipanda, anaivuna, anaibeba hadi kwenye mizani, na bei bado anailalamikia.